Asilimia Sabini na Moja ya Xiaobei

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Mvua tangu asubuhi. Joto lile lile. Nguo hazikauki, watu hawakauki.

Leo tumepata mgeni. Anaitwa Sostenes. Suti ya vipande vitatu — Agosti, Guangzhou! — na mkoba wa ngozi ambao hauachi hata akila. Alitukuta chini, kwenye mgahawa wa tambi wa yule Mwislamu, mimi na Mwanakhamis tumeinamia mabakuli yetu. Akajitambulisha akiwa wima, kama yuko jukwaani. Yeye ni mratibu wa kampeni ya Mheshimiwa Respicius, anayetaka Chama cha Neema kimsimamishe kugombea urais mwakani. Amekuja kuagiza fulana na kofia.

Mwanakhamis akamuuliza kama Mheshimiwa ameshateuliwa. Bado. Wanaoomba ni watatu: yeye, Mama Anastazia, na Profesa Eliakimu.

“Sasa fulana za nini, baba?”

Za kujiandaa, akasema.

Mwanakhamis akaniangalia. Mzanzibari huyu tunakaa naye chumba kimoja ghorofa ya saba mwaka wa pili sasa, anauza mapazia, mimi nauza nguo za watoto. Akiniangalia vile najua maana yake: usicheke mpaka tufike kwenye lifti.

Tukacheka kwenye lifti.


Jumatano, 4 Agosti

Mwanakhamis na mdomo wake! Kamwambia Sostenes kwamba mimi nilikuwa mtu wa takwimu.

Kweli nilikuwa. Miaka kumi na moja. Sensa ya themanini na nane niliizunguka kata nzima kule Rungwe kwa miguu, nikahesabu mpaka jamaa mmoja aliyejificha darini akidhani nimekuja kwa ajili ya kodi. Tisini na nne wakatupunguza. Nikapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa ilikufa kabla ya Krismasi.

Sasa Sostenes anataka kura ya maoni ya awali. Kamati ya uteuzi ya Chama inakaa Jumamosi tarehe 28, kupunguza majina matatu yabaki mawili. Nyumbani hakuna aliyepima chochote. Atakayeingia kikaoni na namba mkononi amewashinda wenzake kabla hajaketi.

“Wajumbe wanaogopa namba, dada,” akasema. “Ukitaja asilimia wanatoa miwani.”

Nikamuuliza kwa nini asipime huko huko kwenye wapiga kura. Kwa sababu ni wengi mno, akasema. Huku tuko wachache na tunakaa mitaa minne. Halafu maneno “utafiti uliofanyika China” yanapendeza gazetini.

Nilifungua mdomo nikatae. Badala yake nikajisikia nauliza: dodoso liko wapi?

Dodoso! Miaka mitano sijalitamka neno hilo. Lilinitoka kama jina la mtu niliyempenda.

Nimempa masharti. Namhoji kila Mtanzania nitakayempata, si rafiki zake. Jina la mtu halitoki kwangu. Kitakachopatikana ndicho kitakachoandikwa. Akaitikia yote matatu kabla sijamaliza la pili. Mtu anayekubali upesi hivyo hajasikiliza.


Ijumaa, 6 Agosti

Nimetoa kopi themanini za fomu kwenye duka la faksi la barabara ya Huanshi Zhonglu. Swali moja kubwa: kama Chama cha Neema kingechagua mgombea wake leo, ungependa awe nani? Chini yake umri, kazi, mkoa. Mwisho kabisa mistari mitano ya “Maoni mengine”. Sostenes alitaka tuiondoe hiyo. Nikagoma. Fomu bila maoni mengine ni fomu ya posta.

Niliowapata leo: kumi na wanane. Wengi kwenye korido za jengo la biashara, wamekaa juu ya marobota yao.

Mmoja wa Arusha aliuliza akimtaja Profesa, je, kutakuwa na fulana? Nikamwambia hakuna. Akasema basi Profesa hafai.

Mmoja wa Kariakoo, kijana wa redio na pasi za umeme, aliniambia hawajui hata mmoja kati ya hao watatu, na anashukuru.

Mwanamke mmoja wa Singida alimtaja Mama Anastazia bila kusita. Alipokuwa mkuu wa wilaya yao alifika hospitali usiku bila taarifa akakuta zamu nzima imelala, akavuta kiti akakaa mapokezi mpaka kukakucha. “Hakupiga kelele,” akasema. “Alikaa tu.”

Nimerudi miguu inauma. Furaha tupu! Sijamwambia Mwanakhamis. Atasema naumwa.


Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa nilisimama kwenye ngazi za kanisa na fomu zangu kama muuza karanga. Kumi na mmoja. Mchana nikarudi Xiaobei, mtaani kwetu, kwa wale waliotoka kwenye tambi. Tisa.

Mwanakhamis namba 33. Nilimhoji rasmi, yeye kitandani, mimi kwenye kiti.

“Ungependa awe nani?”

“Mie chama changu mapazia, shoga.”

“Nijibu.”

“Andika hata mmoja. Na hapo kwenye maoni andika wote watatu hawajawahi kumuuliza mtu kitu wakakaa kusikiliza jibu. Wewe ndo wa kwanza, na wewe hugombei.”

Nimeandika. Kama alivyosema.

Ili nisimhesabu mtu mara mbili nimeweka orodha ya namba na majina, ukurasa wa mwisho wa daftari hili hili. Kazini tulikuwa tunafungia orodha kama hiyo kwenye kabati la chuma. Mimi nina mto.


Jumanne, 10 Agosti

Nimekwenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi. Basi lilichukua saa moja na nusu, na nusu ya watu walikuwa wananiangalia nywele.

Nilimfuata Nikodemu. Ni mtu wa Kagera, mkimya, miaka arobaini hivi. Anakagua jinzi viwandani kwa niaba ya wanunuzi wa Dar: anavuta zipu mia mbili kwa siku. Nilimkuta karakana moja, vumbi la bluu mpaka kwenye nyusi. Laoban wa pale, yaani mwenye karakana, alikuwa anamwonyesha suruali ambayo mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nikodemu anasema ziko mia tatu hivyo. Laoban anasema “meiyou, meiyou” — hakuna, hakuna — huku ameishika mkononi. Nikafikiri huyu laoban angefaa kamati ya uteuzi.

Tukakaa nje juu ya mabunda. Nikamsomea swali. Akajibu: yeyote, isipokuwa Respicius.

Nikamwambia fomu haina sehemu ya isipokuwa. Basi andika hata mmoja, akasema. Nikaandika. Nikafika kwenye maoni mengine, nikategemea aseme hana, kama wengi.

Akauliza, “Dada Kissa, hii inasomwa na nani?”

Nikamwambia ukweli wa kitaalamu: katika miaka kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kusoma sehemu ya maoni mengine.

Akapangusa vumbi mikononi. Kisha akaniambia.

Mwaka tisini na tano alikuwa dereva wa Mheshimiwa Respicius. Siku hiyo walikuwa wanawahi mkutano, barabara ya vumbi. Mtu wa baiskeli alikuwa amebeba mikungu ya ndizi. Nikodemu alimgonga. Anasema alikuwa mwendo wa kasi kwa sababu aliambiwa kasi, lakini usukani ulikuwa mikononi mwake. Akakanyaga breki. Kutoka kiti cha nyuma Mheshimiwa akasema, “Endesha, tumechelewa.”

“Nikaendesha,” akasema Nikodemu. “Niliona kwenye kioo watu wanamkimbilia. Nikajiambia basi, amepata watu.”

Mkutano ulikuwa wa Wiki ya Usalama Barabarani. Mheshimiwa alizungumza saa moja na dakika arobaini juu ya wajibu wa madereva. Nikodemu alikuwa nyuma ya jukwaa, anaosha bampa.

Hajui yule mtu alikufa au alipona. Aliacha kazi wiki ile ile. Alikwenda mbali kidogo, halafu mbali zaidi, na sasa yuko Xintang anavuta zipu. Mkewe hajui. Padri hajui.

Niliandika yote. Mistari mitano haikutosha, nikageuza nyuma ya fomu. Namba 41. Mkono uliandika wenyewe, kama zamani. Alipomaliza aliniuliza, “Jina hamna, eh?”

Hamna, nikamwambia. Nilimwapia.

Kwenye basi la kurudi nilitaka kuongeza neno la kejeli hapa. Sikulipata.


Alhamisi, 12 Agosti

Nimefunga mahojiano. Watu sitini na watatu. Waliobaki wako safarini au wananikwepa.

Nimehesabu mara tatu, mara ya tatu nikamwita Mwanakhamis ahesabu yeye.

Mama Anastazia 21. Hata mmoja 17. Mheshimiwa Respicius 9. “Hao ni kina nani?” 8. Profesa Eliakimu 5. Waliokataa kujibu 3.

Kwa hiyo mgombea wa Sostenes ameshika nafasi ya tatu, nyuma ya mwanamke mmoja na nyuma ya Hata Mmoja. Mwanakhamis anasema Hata Mmoja ni jina zuri, atafutiwe na yeye fulana.


Ijumaa, 13 Agosti

Nimempelekea Sostenes ripoti hotelini kwake. Kurasa nne kwa mkono, jedwali nimechora kwa rula. Nimeeleza mpaka upungufu wa utafiti: watu wachache, wote wafanyabiashara, wanaume wengi kuliko wanawake. Nilijisikia nimevaa sare.

Alisoma jedwali tu. Akalisoma tena kwa kuligeuza, labda akidhani nimempa juu chini.

“Tisa,” akasema.

“Tisa kati ya sitini na watatu. Asilimia kumi na nne.”

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonishangaza. Alivua koti la suti — kumbe linavuliwa! — akasema ripoti ni nzuri sana, ya kisomi, ila asilimia inahitaji kufanyiwa kazi. Kufanyiwa kazi na nani? Na yeye, usiku. Anafikiria sabini na moja.

Nikamuuliza kwa nini si sabini.

“Sabini utaonekana umetunga, dada. Sabini na moja inaonekana umehesabu.”

Nakiri: kama mtaalamu, nilimvulia kofia. Kama mtu, niliondoka na ripoti yangu. Fomu zote ziko kwangu. Nilidhani bila fomu hana kitu. Miaka kumi na moja ya takwimu na bado nadhani vitu kama hivyo.


Jumatano, 18 Agosti

Sostenes kimya. Sampuli ya fulana imefika. Niliiona kwa Haidar, wakala wa mizigo, imetundikwa mlangoni. Mchoraji wa kiwandani amemsaidia Mheshimiwa: amemnyoosha pua, amempunguza kidevu. Anafanana na mwimbaji wa Hong Kong. Haidar anasema Sostenes ameipenda hivyo hivyo.

Kodi za forodha, kontena, watoto nyumbani shule zinafunguliwa. Kazi. Nimesahau habari ya kura.

Uongo. Sijasahau.


Jumamosi, 21 Agosti

Kalista wa chumba jirani amerudi kutoka Dar na kilo tatu za dagaa, wamefungwa kwenye gazeti la wiki hii. Nilikuwa nawapokea jikoni kwa furaha mpaka nikasoma kanga yao, yaani karatasi yao.

RESPICIUS AONGOZA KWA ASILIMIA 71. Utafiti wa kisayansi miongoni mwa Watanzania waishio Mashariki ya Mbali. Idadi ya waliohojiwa haikutajwa. Mtafiti ametajwa: “Bi. Kissa, mtaalamu mwandamizi wa takwimu.”

Mwandamizi! Nilipokuwa kazini sikuwahi kufika huko. Imenibidi niibiwe jina ndipo nipandishwe cheo.

Mwanakhamis alisoma juu ya bega langu. Hakucheka. Akasema, “Shoga, Kalista amesoma hii safari nzima ya ndege. Na humo ndegeni walikuwemo wa hapa wanne.”

Jioni nilishuka kununua mkate. Kwenye meza ya tambi walikuwepo sita, wote niliwahoji. Maneno yakakatika nilipoingia. Yule wa Kariakoo, wa pasi za umeme, akasema bila kunitazama kwamba mwaka mzima hajaulizwa kitu na mtu yeyote, akaulizwa na mimi, akajibu, na jibu lake limeuzwa. Mwingine akauliza kama nimepewa jumba au cheo. Nikaanza kueleza. Ukieleza umesimama na mkate mkononi hakuna anayekuamini.

Namba 12, namba 19, namba 20, namba 27, namba 44, namba 58. Nawajua wote. Watatu walimtaja Anastazia.


Jumapili, 22 Agosti

Kimbunga kimepita Hong Kong, kwetu imekuja mvua na upepo wa kung'oa mabango. Sikwenda misa. Sababu rasmi: kimbunga.

Nikodemu amepiga simu kwenye simu ya korido. Laini inakwaruza. Habari zimefika Xintang.

“Dada Kissa. Karatasi yangu iko wapi?”

Ninayo, nikamwambia. Chini ya godoro. Hajaiona mtu.

“Kama walichukua jina lako bila kukuuliza,” akasema, “la kwangu watashindwa?” Halafu akasema samahani, akakata.

Samahani! Yeye ananiomba mimi samahani.


Jumatatu, 23 Agosti

Haidar ametuma mtu: njoo ofisini, kuna simu ya Tanzania, inapigwa tena saa tisa.

Ilikuwa katibu wa kamati ya uteuzi ya Chama cha Neema. Mwanamke, sauti kavu, maneno machache. Upande wa Mama Anastazia wamelalamikia ile asilimia. Kamati inataka fomu zenyewe, kila moja, kwa faksi, kabla ya jioni ya Jumatano. Zisipofika, matokeo ya gazetini yataingia kikaoni kama yalivyo.

Nikamwambia yale matokeo si yangu.

“Mwenzako alisema utasema hivyo,” akasema.

Mwenzangu yupi? Sostenes ameshampigia. Kamwambia kwamba mtaalamu amehongwa na kambi nyingine na sasa anataka kuyakana matokeo yake mwenyewe. Kwa hiyo mimi si tapeli mmoja, ni wawili!

“Mama, mimi sikujui, yeye simjui,” akasema katibu. “Nitasoma nitakachopewa. Nasoma kila kitu.”

Nikamuuliza: mpaka maoni mengine?

“Hayo ndiyo naanza nayo.”

Nilibaki nimeshika simu baada ya kukatika. Miaka yote ile nilisubiri mtu mmoja wa namna hiyo. Amejitokeza wiki hii.


Jumanne, 24 Agosti

Sostenes amekuja asubuhi, na matunda. Suti imesinyaa. Ameweka mezani fomu sitini na tatu mpya, tupu, nzuri, zimechapwa vizuri kuliko zangu. Bila mistari ya maoni mengine.

Anachotaka: nizijaze leo, arobaini na tano za Mheshimiwa, na zile za zamani nimpe yeye, “kwa ajili ya kumbukumbu za kampeni.” Oda nzima ya fulana na kofia itapita kwangu. Baadaye, Mungu akipenda, idara ya takwimu itahitaji mkuu.

Hapo akanipata. Sekunde mbili, labda tatu. Niliiona meza. Niliona mpaka kabati la chuma. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayesoma, na kwa sababu ni kweli.

Mwanakhamis alikuwa anapiga pasi pazia. Akauliza bila kugeuka, “Na asipojaza?”

Sostenes akasema hakuna ubaya wowote. Ila anakumbuka mimi pasipoti yangu inaisha Desemba, na ana watu wake nyumbani. Kisha akasema kitu ambacho nilikuwa nakisubiri bila kujua. Amesikia nilikwenda Xintang. Kuna dereva mmoja wa zamani huko, mtu mwenye matatizo ya kichwa. Mheshimiwa anamjali sana. Angependa kujua alisema nini.

Nikamwambia sikumbuki watu, nakumbuka namba.

“Basi nipe namba yake,” akasema, na akatabasamu.

Mwanakhamis akageuka na pasi mkononi, mvuke unatoka. “Baba,” akasema, “matunda yako usiyasahau.”

Alipotoka niliuchana ukurasa wa mwisho wa daftari hili, ule wa majina, nikautia kwenye beseni la nguo pamoja na sabuni mpaka ukawa uji. Ndipo nikafungua nyuma na kuona nimemwandika humu, tarehe 10, kwa jina lake, hadithi nzima! Mtaalamu mwandamizi! Nimekaa na daftari nusu saa. Sikuweza kulichana. Nikimaliza kuandika nampa Mwanakhamis alishonee ndani ya pindo la pazia, kesho nitaandika akinirudishia.

Tatizo liko hivi. Nikituma fomu sitini na mbili, Sostenes atasema moja imefichwa, na kama moja imefichwa ngapi nyingine? Nikituma zote, katibu ataanza na maoni mengine. Hakuna jina kwenye 41. Lakini aliyekuwa dereva wa Mheshimiwa mwaka tisini na tano ni mtu mmoja tu duniani, na usukani ulikuwa mikononi mwake. Mwenyewe alisema.

Naweza kuyafunika maoni yake kwa karatasi nyeupe. Faksi haijui. Mimi nitajua. Nitakuwa nimefanyia kazi namba, kama Sostenes, ila mimi kwa huruma.

Nimempigia Nikodemu karakana. Nikamweleza yote, pamoja na karatasi nyeupe. Nikamwambia: sema neno, nitafanya utakavyosema, hata nisitume chochote. Walete hiyo sabini na moja yao, waiweke ikulu.

Mashine za kushona zilikuwa zinalia nyuma yake. Akasema tu kwamba laoban anamwita.


Jumatano, 25 Agosti

Naandikia dukani, kwenye duka la faksi, daftari juu ya goti. Saa tisa alasiri. Dar saa nne asubuhi. Mwanakhamis amekaa kushoto kwangu na mfuko wa fomu mapajani. Amevaa buibui lake jipya. Anasema kama tunakwenda kuharibikiwa tuharibikiwe nadhifu.

Msichana wa duka ameanza. Fomu moja moja. Mashine inaimeza, inafikiri, inaitema. Namba 1 hadi 16 zimekwenda. Halafu laini ikakatika. Tunasubiri.

Yule wa Kariakoo amepita nje, akatuona, akarudi nyuma, akaingia. Akauliza ni zenyewe? Nikamwonyesha ya kwake: “Siwajui, nashukuru.” Akaisoma mpaka mwisho. Akasema mwandiko wangu mbaya. Hajaondoka. Amesimama karibu na mashine kana kwamba itamtoroka.

Laini imerudi. 17 hadi 30.

Sostenes! Yuko ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, anasubiri magari yapungue. Magari ya Huanshi Zhonglu hayapungui. Mara ya kwanza nayapenda.

31, 32. Namba 33, Mwanakhamis akaipeleka kwenye mashine kwa mkono wake.

Karatasi nyeupe ninayo. Nimeikata jana sawa sawa na mistari. Sijaamua. Nilidhani nikifika hapa nitakuwa nimeamua.

38. Sostenes amevuka. Yuko mlangoni, anakung'uta mwavuli, anasalimia watu wote kwa heshima. Anamwambia msichana kwa Kiingereza asimamishe, kuna makosa. Msichana hajui Kiingereza. Anamwambia “meiyou”. Ee Mungu mbariki!

39.

Nikodemu ameingia nyuma ya Sostenes. Shati jeupe, amenyoa, amelowa mvua. Vumbi la bluu bado kwenye kucha. Sostenes amegeuka, amemtambua. Kanyoosha mkono: “Nikodemu, ndugu yangu, Mheshimiwa anakuulizia.” Nikodemu ameutazama ule mkono kama anatazama zipu. Kapita.

Amekaa kulia kwangu. Nimempa 41 na ile karatasi nyeupe, zote mbili, juu ya goti lake.

40 imekwenda. Msichana amenyoosha mkono, anasubiri.

Nikodemu anasoma fomu, mbele na nyuma. Anasoma polepole, midomo inacheza. Amefika mwisho. Amerudi juu. Sostenes anaongea, haraka sasa, anataja mkewe, anataja polisi, anataja miaka. Duka zima linamtazama, hata wasiojua Kiswahili.

“Umeandika vizuri,” Nikodemu ananiambia. “Lakini pale juu pana nafasi tupu, ya jina.”

Anaomba kalamu. Dukani pana moja tu na ni hii ninayoandikia. Nampa